Jinsi Nilivyosafisha Bwawa la Baba

Najua hii story mmeshaisikia kwa watu wengine, na kila mtu anaongeza chumvi yake, mmoja anasema mzee alizirai, mwingine anasema pasta alianguka na Biblia yake, na kuna mama mmoja huko Kiamunyi anawaambia watu eti tulimbatiza baba yangu kwa beseni. Hakukuwa na beseni. Wacha niwaambie mwenyewe vile ilikuwa, maana aibu ni yangu na hakuna anayeijua kuliko mimi.

Nyote mnajua kazi niliyofanya. Miaka ishirini na tatu nilikuwa msimamizi wa usafi kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa huko Naivasha, na kama hujawahi kuifanya hiyo kazi huwezi kuelewa vile inamharibu mtu. Nikiingia kwa nyumba ya mtu, kabla sijasalimia, jicho limeshaenda kwa kona za dari kutafuta utando wa buibui. Nimewahi kufuta meza ya daktari nikingoja aniambie majibu yangu mwenyewe (usicheke, Mama Kevo, ulikuwepo). Basi Baba alipopata kiharusi na upande wake wa kulia ukalala, niliacha kazi nikarudi nyumbani kwetu huko Bahati kuwaangalia yeye na Mama, na nikarudi na hilo jicho langu, na siku ya kwanza kabisa likaenda moja kwa moja kwa bwawa.

Bwawa letu halikuchimbwa na mtu. Ni kishimo kipana chini ya shamba, maji ya mvua yanateremka kutoka juu yanatulia hapo, na pembeni kuna chemchemi ndogo ambayo hata kwa kiangazi inatoa maji kidogo kidogo. Baba alilikuta hapo akiwa kijana na akalitunza maisha yake yote, na kulitunza kwake kulikuwa hivi: kila mwaka jua likishika na maji yakishuka, anawaingiza ng'ombe ndani, wake na wa jirani yetu Kiprono, wote, anawazungusha kwenye matope kuanzia asubuhi mpaka wanachoka, yeye yuko nyuma yao na viatu vya gambuti na fimbo, anaimba vitu visivyoeleweka. Sisi watoto tulidhani ni mchezo wa mzee. Yeye hakuwahi kutueleza na mimi sikuwahi kumwuliza.

Sasa mimi narudi, mtu wa hoteli, naona maji ya kijani, matete yamejaa kila upande, mavi ya ng'ombe yanaelea, vyura wanapiga kelele kama wamelipia hapo. Wueh! Na haya ndiyo maji tunayochota ya kufulia nguo. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu, hata sikufikiria mara mbili: nilizungusha seng'enge, nikawafungia ng'ombe nje, nikawawekea pipa lililokatwa wanywee huko. Kiprono alikuja akasimama kando ya ua, kofia mkononi.

"Mama Shiro, sasa ng'ombe wataingia lini?"

"Kuingia wapi? Kwa maji? Kiprono, wewe unaweza kunya kwa sufuria yako halafu upikie chai?"

Alicheka kidogo, akaangalia chini. "Mzee ndiye alikuwa anajua hii maneno," akasema.

"Mzee ni mgonjwa," nikamjibu, na kwa sauti ile niliyokuwa natumia kwa wasichana wa hoteli wakisahau kubadilisha mashuka. Akavaa kofia yake akaenda. Hiyo ilikuwa mwezi wa tisa, na mvua fupi zilipokuja bwawa likajaa na matete yakazidi kuota, na mimi nikaona niko sawa.

Sasa mjue kitu kimoja kuhusu Mama. Mama ameokoka tangu nikiwa mdogo, kanisa lake ni lile la ubatizo wa maji mengi, mambo ya kunyunyiziwa kichwani hawayatambui kabisa, mtu lazima azame mzima. Na ukifa kabla hujabatizwa, kanisa halikuziki. Watakuja kama majirani, watakula, watakupa pole, lakini joho halivaliwi na ile ibada yao ya kaburini ya kumkabidhi mtu kwa Mungu haifanywi. Baba alikuwa amekataa miaka yote hiyo. Jumapili Mama akienda kanisani, yeye anaenda kwa bwawa. Na Mama hakuwahi kuomba kitu kingine, si gari, si nyumba ya mawe. Aliniambia, "Nataka siku yake ikifika, wampokee. Hiyo tu, Nyambura. Nisimwache nje."

Halafu alasiri moja ya Januari, tunakunywa uji, Baba akasema tu, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja: "Nitaingia. Lakini kwa maji yangu."

Mama alienda jikoni nikamsikia anaosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi, anaosha na kuosha, analia. Kufika jioni alikuwa ameshampigia Pasta Wekesa, na pasta akasema Jumapili ya nne ya mwezi huo huo, kabla mzee hajabadilisha akili, kanisa lote litateremka shambani kwetu.

Hapo ndipo kichwa changu kilivimba. Kanisa lote! Na mimi nikawaalika wenzangu wa zamani kutoka Naivasha, watu wanaonijua kwa mashuka yasiyo na hata kunyanzi moja. Nikaenda kusimama kwa bwawa. Maji yalikuwa yamefika kiunoni hapo katikati, na chini ni matope meusi, mazito, ukikanyaga mguu unaondoka na kiatu unakiacha. Nikajiuliza, yaani Baba yangu avalishwe joho jeupe halafu atumbukizwe kwa hiyo kitu? Mimi nikiwa hai? Nikaajiri wanaume wanne na sepetu, ndoo na wilbaro, nikawaambia wang'oe matete yote na watoe matope yote, nataka kuona chini.

Walifanya kazi siku tano. Yale matope yalikuwa yanatoka yameshikana kama unga wa chapati uliokandwa vizuri, hata maji hayapenyi, na mimi niliyaona hivyo kwa macho yangu mawili na sikujiuliza kitu. Tuliyamwaga kwa shamba la viazi. Siku ya nne mmoja wao akaniita.

"Mathe, huku chini kumebadilika. Ni kajivu hivi, kamekuwa laini, ni kama majivu. Tuachie hapo?"

"Toeni yote," nikasema.

Mnajua udongo wetu wa huku, ukichimba kidogo unapata yale majivu ya zamani ya mlima uliowahi kulipuka na vijiwe vyepesi vinavyoelea. Kila mtu wa huku anajua. Choo kikichimbwa hakijai, watu hufurahia hilo. Mimi nimezaliwa hapo, nilikuwa najua, lakini siku hiyo nilichoona ni mchanga safi unaong'aa. Takataka ilipotulia, maji yakawa angavu mpaka naona vidole vyangu vya miguu. Nikapiga picha kumi na nne nikazirusha kwa wotsapu ya wenzangu wa hoteli, wakanijibu kwa vile vipicha vya makofi na moto, na mmoja akauliza kiingilio ni ngapi. Baba kila jioni alikuwa ananiuliza, "Mami, bwawa iko aje?" (Alikuwa ananiita Mami kwa sababu nina jina la mama yake.) Nami namjibu, "Utajionea mwenyewe Jumapili, Baba." Njia ya kuteremka ilikuwa mbaya kwa kiti chake cha magurudumu, kwa hiyo hakuwa na namna ya kuona, na mimi nilitaka iwe zawadi.

Jumanne ya wiki yenyewe niliona mstari wa unyevu kwenye ukingo, pale maji yalipokuwa yameshuka, upana wa shubiri. Nikajiambia ni jua. Jumatano ulikuwa shubiri mbili zaidi. Alhamisi maji yalikuwa magotini, na nilipoinama vizuri nikaona mahali katikati ambapo majani yalikuwa yanazunguka polepole, vile maji yanazunguka kwa sinki ukitoa kizibo. Hata chemchemi ilikuwa inatoa maji yake na maji hayafiki mbali, yananyonywa tu.

Kiprono alikuwa kwa ua. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi.

"Mama Shiro, maji inaenda."

"Inaenda wapi?"

"Chini." Akanionyesha na fimbo. "Turudishe ile matope yenye iko kwa viazi, tuingize ng'ombe leo, kesho, kesho kutwa. Itachukua wiki kadhaa lakini itashika."

"Kiprono, Jumapili watu wanakuja. Unataka wakute ng'ombe?"

"Basi ambia pasta angoje mvua."

Hapo, hapo ndipo ningejiokoa. Kusema tu, pasta, nimeharibu, tungoje mwezi mmoja. Mdomo ulikataa. Nilifikiria zile picha kumi na nne. Nikamwambia Kiprono nimeshapanga, usijali, nikaenda kupiga simu ya boza, lile lori la tangi la maji.

Boza la kwanza lilimwagwa Jumamosi mchana. Nilitazama maji yakipanda mpaka mapajani nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikaenda kupika. Jumapili asubuhi nilipoteremka yalikuwa chini ya goti. Nikaita lingine, haraka, nikamwambia dereva afike saa tatu, na yeye akafika saa tano (si mnawajua), yaani dakika ile ile ambayo kanisa lilikuwa linateremka kwa njia wakiimba, wamevaa meupe, wanapiga ngoma, wenzangu wa Naivasha nyuma yao na viatu vya visigino vikizama kwa udongo, na Baba mbele kwa kiti chake, joho jeupe, amenyolewa vizuri, na Mama ameshika ule mkono wake uliolala. Sijawahi kumwona Mama akiwa vile. Alikuwa anatembea kama bibi harusi, jamani, akiwa na miaka yake sabini na kitu.

Injini ya boza inanguruma, mpira mnene unatema maji kwenye bwawa, na dereva haoni wala hasikii, anapiga kelele juu ya nyimbo: "Boss! Niongeze ama imetosha?" Anamwuliza pasta!

Baba akaangalia boza muda mrefu. "Hiyo ni nini?"

"Ni maji, Baba."

"Ya nini?"

Boza likaisha maji, likazima, ngoma zikaendelea. Pasta Wekesa akavua viatu akaingia, akatembea mpaka katikati, na maji hayakufika goti lake (naye si mrefu). Akanitazama. Pasta ni mtu mpole, hajawahi kumwaibisha mtu, alininong'oneza tu: "Dada, tutaweza kweli?"

Na mimi nikasema, "Tutaweza, Pasta."

Wanaume wawili wakambeba Baba wakamlaza. Tumbo lilibaki nje. Kifua nje, pua nje, visigino vinagusa mchanga. Pasta akasema maneno yake, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, akamkandamiza kidogo kifuani, na maji yakampita pembeni. Kwaya wakarudia kibwagizo. Wakamwinua, wakasogea mahali pengine palipoonekana pana maji zaidi, wakamlaza tena, wakajaribu kumgeuza ubavu, sikio moja ndani, lingine nje, joho limekuwa la kijivu. Mtoto wa mtu akacheka. Halafu nikasikia kicheko kingine, na hicho hakikuwa cha mtoto. Nikaona simu mbili zimeinuliwa. Kwaya walikuwa wamemaliza beti zote, wakaanza upya, sauti zikawa zinapungua moja moja mpaka akabaki mpiga ngoma peke yake, kisha naye akaacha. Watu husema walitamani ardhi iwameze. Mimi sikutamani, maana ardhi ile nilikuwa nimeona vile inameza.

Mara ya tatu walipotaka kumlaza, Baba alishika kola ya pasta kwa mkono wake mzima. "Basi," akasema. "Basi."

Wakamkalisha hapo majini. Alikuwa anatetemeka. Akashuka na ule mkono mpaka chini, akachota mchanga, akautazama, akauacha umwagike katikati ya vidole.

"Nani ametoa matope?"

Kiprono alikuwa nyuma kabisa, akageuka akaangalia upande wa mlima.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Nilikuwa nasafisha."

Hakunipigia kelele. Heri angenipigia kelele mbele ya kanisa lote, mbele ya Naivasha yote. Alinitazama tu na lile jicho lake zima akaniambia polepole, anatafuta maneno: "Hiyo matope ndio ilikuwa bwawa, Mami. Ng'ombe inakanyaga. Inafunga chini." Miaka hamsini na kitu nimeishi duniani, hiyo ndiyo siku ya kwanza kuelezwa, na nilielezwa nikiwa nimesimama kando ya shimo na gauni jipya.

Mama aliingia kwenye maji na viatu vyake. Akamwendea pasta, akamshika mkono. "Pasta, haya yaliyomgusa hayatoshi? Si amelala ndani? Si wote mmeona amelala ndani?"

Pasta alikuwa na machozi, mimi sitamsema vibaya mtu huyo hata siku moja. Akamwambia, "Mama, nikisema yametosha nitakuwa nakudanganya wewe na yeye. Jumapili ijayo tutampeleka kule mtoni, tutambeba sisi wenyewe."

"Nilisema kwa maji yangu," Baba akasema. Akageuza uso, na kila mtu anayemjua Baba alijua maneno yameisha.

Tukawalisha watu. Nilisimama na mwiko nikiwapakulia wageni pilau ya sherehe ambayo haikutokea, na wao wanasema asante bila kuniangalia, na wenzangu wa Naivasha wakasema wana safari ndefu wakaondoka kabla ya chai. Jioni ya siku hiyo bwawa lilikuwa na maji ya kulowesha vifundo tu, na ng'ombe wa Kiprono walipita wakalitazama wakaenda zao kunywa mtoni, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, na wanaenda huko mpaka leo.

Mtoni Baba hakukubali kwenda. Mama alijaribu, pasta alijaribu, mimi nilipiga magoti. Nilirudisha matope yote niliyoweza, niliyachota kwa viazi na mikono yangu, Kiprono akaleta ng'ombe, tukazungusha wiki baada ya wiki, na mvua ya Aprili ilipokuja maji yalijaa vizuri, kila mtu akafurahi, na baada ya siku nne yakaisha. Kiprono anasema kitu cha miaka mingi hakirudi kwa msimu mmoja, huenda miaka mitatu, huenda minne. Baba hakuwa na miaka mitatu. Mwezi wa tano kiharusi cha pili kikamchukua asubuhi akingoja chai, na daktari alisema haihusiani kabisa na ile baridi ya bwawani, na mimi nimechagua kumwamini daktari kwa sababu nikikosa kumwamini sitalala.

Siku ya mazishi Pasta Wekesa alikuja na shati la kawaida, akaketi na majirani, akaomba maombi ya jirani. Kwaya walikuja bila majoho. Waliimba vizuri, lakini waliimba kwenye hema, hawakusogea kwa kaburi, na aliyemrudisha mzee kwa udongo ni mjomba wangu ambaye hata hajui kusoma maandiko bila miwani ya mtu.

Kwa hivyo mkiniuliza nimejifunza nini, nimejifunza kuuliza. Nimeapa mbele yenu, sitaondoa tena kitu mahali kwa sababu tu jicho langu limekiona kichafu, si matope, si matete, si hata gazeti kuukuu chini ya godoro la mtu, mpaka nimtafute anayejua kimewekewa nini hapo. Na mkiniona nimeanza, mnipokonye ufagio, sitakasirika.

Mama hajawahi kunilaumu. Neno moja sijasikia kwake, na ningekuwa nalisikia afadhali. Lakini Jumapili, tukitoka kanisani, kuna wale wamama wageni ambao hawakuwepo, wanaomsalimia na kumwuliza kama marehemu mzee alikuwa amebatizwa. Mama anaweka vizuri kitambaa chake cha kichwa, anawajibu, "Aliingia majini." Wao wanasema, Bwana asifiwe. Halafu Mama ananishika mkono na tunaenda nyumbani, na njia yote mimi naangalia viatu vyangu.